Mafunjo ya Gatsata

Ukitoka stendi ya Nyabugogo, Kigali, na kushika barabara inayokwenda Gicumbi hadi mpaka wa Gatuna, unavuka mto kabla kelele za wapiga debe hazijakutoka masikioni. Ng'ambo ni Gatsata. Nyumba za mabati zimepanda mlima hadi karibu na kilele, na chini yake bonde limelala bapa, jembamba, lenye rangi mbili: weusi wa oili na ukijani wa mafunjo.

Weusi ndio unaokupokea. Gereji zinafuatana bila ukuta katikati. Injini zimewekwa juu ya magogo, vifuniko vimefunguliwa, pistoni ziko nje. Milango ya Corolla imeegemezwa mitini, bampa zimetundikwa kwenye misumari, rejeta zimerundikwa hadi kiunoni. Inanuka rangi mbichi, mpira ulioungua na petroli. Nyundo hazinyamazi. Kiswahili husemwa hapa kwa sauti kubwa, maana dereva wa lori aliyetoka Mombasa na fundi wa Kigali lazima waelewane bei ya breki.

Nilisimama kumtazama kijana mmoja aliyelala chali chini ya pikapu, miguu nje. Alilegeza nati kwa spana, akaivuta kando, na oili ikaanza kushuka, nzito, nyeusi, ndani ya dumu lililokatwa ubavuni. Alikuwa mwangalifu. Hata hivyo, dumu lilipovutwa, matone ya mwisho yaliangukia ardhini, na ardhi ile imekunywa matone kama hayo kwa miaka mingi hadi imekuwa ngumu na inang'aa kama lami. Mvua ikinyesha, maji hayazami pale. Yanateleza na rangi zake za upinde wa mvua hadi kwenye mfereji, na mfereji unateremka kinamasini.

"Mzee, hii oili hatuimwagi," fundi mkubwa wa pale aliniambia, akipangusa mikono kwa kitambaa. "Watu wa mbao wanainunua, wanapaka kuzuia mchwa. Inayokwenda na mvua ni ile inayotushinda kukusanya."

Nilimwamini. Nilimwuliza kuhusu ndege. Akacheka kidogo, kisha akafikiri, akasema kuwa alipoanza kazi akiwa mdogo, asubuhi alikuwa akiwasikia imisambi huko bondeni. Siku hizi huwaona kwenye picha.

Umusambi ndiye korongo-taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, mwenye kishungi cha dhahabu kichwani. Tangu 2012 amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, na katika miongo michache idadi yake Afrika imepungua kwa zaidi ya nusu. Anataga kwenye vinamasi, na vinamasi hukaushwa, hulimwa, hujengwa. Nchini Rwanda ndege hao walipatwa na balaa jingine: walikuwa wakikamatwa na kufugwa kwenye bustani za hoteli na za matajiri, mabawa yamekatwa. Kuanzia 2014 wengi walichukuliwa huko, wakauguzwa na kurudishwa porini katika hifadhi ya Akagera. Wasioweza kuruka tena wametengewa kinamasi chao upande wa mashariki wa Kigali, na hapo huonekana wakitembea taratibu majini.

Niliteremka hadi mwisho wa gereji. Njiani kuna sakafu za saruji zisizo na nyumba, kwani tangu mwishoni mwa 2019 serikali imekuwa ikiwaondoa watu na biashara kwenye vinamasi vya jiji. Mama mmoja alikuwa ameanika nguo juu ya mojawapo. Baada ya hapo, mafunjo.

Nilishika bua moja. Lina pande tatu, laini, nalo lilinizidi kimo mara mbili. Usawa wa goti lilikuwa na mstari mweusi, alama ya pale mafuriko yalipofikia. Nikaupitisha kidole, kikatoka na grisi. Huko juu, kishungi cha nyuzi za kijani kilikuwa safi kabisa, na kwera wa manjano alikuwa amefuma kiota chake kwa majani yaliyochanwa. Ndani ya mfumo ule ulikuwamo uzi mmoja wa buluu, uliochomolewa kwenye gunia la plastiki.

Nilikaa pale kwa muda mrefu. Nyundo zilisikika kwa mbali kidogo. Yangeyange watatu walikuwa ukingoni, na fundichuma alisimama kwenye maji ya kahawia akingoja chura. Ndege mwingine niliyekuwa nikimtafuta sikumwona: mwenye utosi wa dhahabu, mgongo mweusi na kifua chekundu, ambaye dume na jike wake huitikiana ndani ya mafunjo. Haishi mahali pengine. Ukimkatia mafunjo, hahamii kwenye mikaratusi.

Mgeni wa Rwanda huonyeshwa gorila wa milimani, au hupelekwa Akagera, ambako simba walirudishwa 2015 na faru weusi 2017. Ni kazi kubwa na inastahili sifa. Lakini maji ya Gatsata nayo yanakwenda Akagera. Mto Nyabugogo hutoka Ziwa Muhazi, hupita hapa, hupokea kijito cha Mpazi pamoja na taka za mtaa wa Kimisagara, huingia mto Nyabarongo, na Nyabarongo huzunguka Bugesera hadi kuwa mto Akagera, unaopita ukingoni mwa hifadhi ile na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Katikati ya gereji na faru, kichujio cha kwanza ni mafunjo haya. Mizizi yake hushika tope, hunyonya uchafu wa vyoo na kupunguza kasi ya mafuriko ambayo kila masika huwatia hofu wenye maduka ya Nyabugogo.

Mwaka 2022, mataifa yalikubaliana kuwa kufikia 2030 asilimia 30 ya ardhi na maji yaliyoharibiwa iwe inarekebishwa. Kigali imejipangia kurudisha vinamasi vitano, Nyabugogo kikiwemo, na jambo hilo linawezekana: Nyandungu, upande wa pili wa jiji, palikuwa pamechakaa, na tangu 2022 ni bustani ya mabwawa, miti ya asili na ndege. Ila Nyandungu hapakuwa na mafundi wengi kiasi hiki wanaolisha familia kwa spana.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga jiji: kabla ya kupanda mafunjo mapya Gatsata, mwageni zege chini ya magari, jengeni mashimo ya kunasa oili kwenye kila mfereji, na wekeni mapipa ambayo fundi atalipwa akiyajaza. Na mafundi wenyewe waitwe kwenye mashauriano tangu siku ya kwanza, si siku ya kuhamishwa.