Maji ya bombani yana kwao: safari ya Mto Ruvu hadi kwenye ndoo yako

Watoto wengi wa Dar es Salaam wakiulizwa maji yanatoka wapi, hujibu haraka: bombani. Hawajakosea, ila wametaja mwisho wa safari. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo hutoka Mto Ruvu, unaoanzia Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Huko juu, vijito hupita kando ya mashamba ya mboga na migomba kabla ya kuungana. Mto Mgeta huingia Ruvu, na Ngerengere, unaopita Morogoro mjini, humwaga maji yake humo humo. Mkoani Pwani, mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo, huyavuta maji, kuyasafisha na kuyasukuma mjini. Yanayobaki huishia Bahari ya Hindi.

Ndiyo maana mti unaokatwa Uluguru humgusa mama anayefua Kimara. Mwishoni mwa 2022, mvua zilipokosekana na maji ya Ruvu kupungua, jiji liliingia kwenye mgawo. Maji yakiwa ya kununua kwa dumu, kunawa mikono ndiko huachwa kwanza, na hapo kuhara hupata mlango.

Familia nyingine nazo zina mto wao. Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, humwagilia mashamba na kuzalisha umeme. Kagera huingia Ziwa Victoria, na Malagarasi Ziwa Tanganyika. Rufiji hubeba maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na ndiko lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini tangu miaka ya 1990, sehemu ya Ruaha Mkuu hukauka wakati wa kiangazi, huku kilimo cha umwagiliaji kikitajwa miongoni mwa sababu kuu.

Mto huo huo unaweza pia kuleta maradhi. Kipindupindu huenea kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Kichocho ni tofauti: vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au kuchota maji. Kwa hiyo kuchemsha maji ya kunywa pekee hakumkingi anayecheza mtoni.

Mzazi afanye nini? Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, kisha yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Maji ya mto ya kuoga yakikaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vimelea vya kichocho hufa. Mtoto akikojoa damu, mpeleke kituo cha afya, kichocho kinatibika. Siku ya kugawa dawa za kichocho shuleni, ahakikishe amekula ndipo ameze. Akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS mapema na umwahishe hospitali akilegea.

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wazazi wanaoishi kando ya mto wanaweza kuanzia hapo: choo kisijengwe karibu, taka zisitupwe humo. Aliye bondeni ndiye atakayekunywa maji hayo.