Hela ya Sabuni

Mara moja kwa mwezi, mimi na wanawake wenzangu tisa hushuka kwenye chumba cha chini cha kanisa moja hapa Columbus, Ohio, tukatengeneza sabuni. Tunavaa miwani ya kinga na glavu zinazofika viwikoni. Kostiki soda hupimwa gramu kwa gramu, na muuguzi mmoja mstaafu husoma kila kipimo mara mbili kwa sauti, kama anayetoa dawa wodini.

Hatuuzi. Sabuni hukaa rafuni wiki nne hadi sita ikomae, kisha tunaifunga kwa karatasi na kuipeleka kwenye ghala la chakula cha msaada. Mwanzoni niliona ni mchezo wa wastaafu. Nchi imejaa maduka, nani akose sabuni? Nikaelezwa habari za SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula. Kadi yake inanunua mkate, maziwa, hata keki. Sabuni hainunui, wala nepi. Friji inaweza kujaa na bafuni kukawa hakuna kitu.

Kwetu Ujiji, Tanzania, mama yangu mdogo naye ana kikundi, ila huko hakuna anayeiita kazi ile sadaka. Wameweka hisa, wamekopa, wanapika sabuni ya mawese uani, wanauza, faida wanagawana. Mawese huchemshwa sana kwanza ili wekundu upungue. Kipimo ni kopo.

Kopo hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kilo moja ya mawese inataka gramu 140 na ushee za soda. Kilo ya mafuta ya nazi inapita 180. Ukihama kutoka mawese kwenda nazi kwa kopo lilelile, sabuni inabaki na mafuta mafuta. Ukihama kinyume chake, inachubua mikono. Wao hujaribu kwa ncha ya ulimi, ikichoma inarudi pipani. Lakini yale makubwa wanayajua vizuri: soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya soda, yatakurukia usoni. Sufuria ya alumini nayo ni marufuku, maana soda ilishawatobolea moja. Niliwapelekea mizani ya kidijitali. Nilipokwenda tena niliikuta inapima soda kweli, na siku za soko inapima dagaa.

Columbus nilipotaja mawese, chumba kizima kilinyamaza. Kwao mafuta hayo ni misitu ya Indonesia na Malaysia iliyofyekwa, na orangutani waliokosa pa kuishi. Ni kweli, sibishi. Nikawaambia michikichi ya kwetu iko nyuma ya nyumba, aliipanda babu. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kumimina mafuta ya zeituni yaliyovuka bahari. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimenuna.

Mama mdogo naye alikuwa na lake. "Mnauza kipande shilingi ngapi, mwanangu?"

"Hatuuzi, mama. Tunatoa."

"Mnampa nani?"

Nikamtajia ghala. Akacheka. Kwake sabuni hutoka mkononi ikaingia mkononi: kwa mzazi aliyejifungua jana, kwa jirani mwenye mgonjwa. Hata senti kidogo tunazoombana tunaziita hela ya sabuni. Mimi, kwa miezi yote hii, sijamwona hata mmoja anayeogea sabuni yangu. Hilo liliniuma, mpaka nikajiuliza kama huyo anayeiogea angependa kuonwa. Ujiji mtu akiishiwa sabuni mtaa mzima unajua, na wapo watakaomsema kabla ya kumpa.

Safari iliyopita nilimchukulia kipande kimoja chenye harufu ya lavenda. Hakukiogea, akakifulia kanga. "Inanukia," aliniambia, "lakini haitakatishi." Hakukosea. Sisi tunapunguza soda ili karibu asilimia 5 ya mafuta yasigeuke sabuni, ngozi isikauke. Yeye anataka mche mmoja ufue, uoshe vyombo na uogeshe wajukuu watano.

Kilichobaki alikikausha juani, akakifunga kwenye kitambaa na kukitia sandukuni, katikati ya kanga zake za harusini.