Amefia wapi, anazikwa wapi? Barua kuhusu mwaka 2025

Ndugu zangu wa Mji wa Kale, Mombasa,

Nawaandikia kutoka London, mwaka 2026 ukiwa bado mbichi. Huko kwenu kaskazi imeshika na joto limewatoa watu barazani. Huku jua huzama saa kumi na kitu za jioni, na wengi wetu huingia kazini gizani na kutoka gizani.

Kila mwaka ukigeuka, magazeti ya hapa hupanga orodha ya wakubwa waliofariki: jina, umri, cheo na picha. Nimeikalia orodha ya 2025 nikaona hainitoshi, kwa sababu sisi hatukulelewa kuipokea tanzia hivyo. Msikiti ukitangaza jina, mtu wa Kibokoni au Kuze huuliza matatu: amefia wapi, anaswaliwa wapi, anazikwa saa ngapi. Kisha huvaa kofia yake akatoka. Nimeupitia mwaka mzima kwa maswali hayo, na majibu yake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka wenyewe uliingia na tanzia. Tarehe 30 Desemba 2024 alifariki Muscat Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, akiwa na miaka 95. Wazee wetu wanaikumbuka bendera nyekundu ya ukoo wake juu ya Ngome ya Yesu, hadi 1963 pwani yetu ilipoingizwa katika Kenya huru. Mwezi mmoja baadaye mapinduzi yakamng'oa Unguja. Zaidi ya miaka hamsini akaishi Portsmouth, mji wa bandari kusini ya hapa nilipo, ndipo Oman ikamkaribisha mwaka 2020. Alizaliwa Unguja, akazikwa Muscat.

Tarehe 4 Februari alifariki Lisbon Aga Khan wa nne, Karim al-Husseini, akiwa na miaka 88. Utoto wake ulipita Nairobi, na jina lake mnalisoma kila mpitapo: liko kwenye hospitali, liko kwenye shule, na kampuni ya habari aliyoianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950 ndiyo iliyotuletea Taifa Leo. Alifia katika mji mkuu wa Wareno, watu walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, akazikwa Aswan nchini Misri, kando ya mto Nile, alikolala babu yake.

Tarehe 28 Mei ikaja habari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefia jimbo la Georgia, Marekani, akiwa na miaka 87. Serikali ya Kenya ilimtia kizuizini katika gereza la Kamiti bila kesi, kuanzia mwisho wa 1977, kwa tamthilia iliyochezwa kwa Kikuyu na wanakijiji wa Kamirithu. Tangu 1982 akawa mtu wa ughaibuni. Mtu aliyewasihi Waafrika waandike kwa lugha za mama zao alimaliza umri wake mbali na watu wanaoizungumza lugha yake.

Hawa walitolewa kwao na siasa au na historia. Wengine walisafiri kutafuta dawa. Edgar Lungu, aliyekuwa rais wa Zambia, alifia hospitalini Pretoria tarehe 5 Juni. Muhammadu Buhari wa Nigeria alifia hapa London tarehe 13 Julai, akazikwa nyumbani kwake Daura siku mbili baadaye. Na tarehe 15 Oktoba, asubuhi, Raila Odinga wa Kenya alianguka akiwa matembezini huko Kerala, India, alikokwenda kutibiwa, akafariki akiwa na miaka 80. Februari ya mwaka huo huo alikuwa Addis Ababa akiwania uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, kiti kilichochukuliwa na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti.

Simlaumu mgonjwa kwa kutafuta tiba. Kwenda India kutibiwa ni jambo la kawaida hata mitaani kwetu. Familia ngapi zimeuza shamba, zikapitisha kofia misikitini, ili mtoto akafanyiwe upasuaji wa moyo? Lakini hawa walishika au walikaribia mamlaka ya nchi zao kwa miaka mingi. Buhari alitawala Nigeria miaka minane kwa kura na bado London ikabaki kuwa mahali pake pa kutibiwa. Kiongozi akiumwa hupanda ndege. Mama wa Likoni akishikwa na uchungu usiku huvuka kwa feri kwenda hospitali ya Makadara, akitumaini atakuta kitanda, dawa na daktari. Taifa ambalo wakubwa wake hawaziamini hospitali zake limekwisha kuwajibu wadogo wake kuhusu thamani yao, na mimi nalikataa jibu hilo kwa moyo wangu wote.

Sasa swali la pili na la tatu. Raila aliacha wasia kwamba azikwe haraka, ndani ya saa sabini na mbili. Mwili ulifika Nairobi tarehe 16 Oktoba, umati ukaupokea kwa miguu kutoka uwanja wa ndege hadi Kasarani, na pale risasi na gesi ya machozi vikawafikia waombolezaji. Watu kadhaa waliokuja kuaga maiti wakawa maiti wenyewe. Tarehe 19 akazikwa Bondo, katika makaburi ya familia yake, kando ya baba yake Jaramogi. Wasia wake ulichungwa karibu kama alivyotaka. Walioharakisha risasi Kasarani ndio waliokosa adabu ya msiba.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki 21 Aprili, naye alikuwa amechagua mapema. Aliomba kaburi la kawaida, ardhini, katika kanisa la Santa Maria Maggiore mjini Roma, na juu yake liandikwe jina lake tu. Wakenya wanamkumbuka kwa ziara ya Novemba 2015, alipokwenda Kangemi kwa watu wa mabanda.

Lungu hakupata utulivu huo. Familia yake na serikali ya Zambia walizozana: nani ataongoza mazishi, na je, Rais Hichilema ahudhurie au asihudhurie. Familia ikataka azikwe Afrika Kusini. Mahakama ya Pretoria ikasimamisha mazishi ya Juni siku ile ile yaliyopangwa kufanyika, kisha Agosti ikaamua kwamba mwili urudishwe Zambia, na familia ikakata rufaa. Mwaka 2025 ulikwisha naye akiwa hajazikwa. Ugomvi wa walio hai ulimfuata mpaka chumba cha maiti ukamzuia mlangoni.

Na hao ni wakubwa. Januari, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki ya Kongo, vyumba vya maiti vilijaa wakazi wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na watu wa Msalaba Mwekundu wakawa ndio wazikaji. Gaza, makubaliano ya kusitisha vita ya Oktoba yalihusu pia maiti: mabaki ya mateka Waisraeli yakarudishwa kwao, na miili ya Wapalestina ikarudishwa Gaza, mingine bila jina. Hapa London majirani zangu wa Kiyahudi na wa Kiislamu walisubiri habari zile, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja alijua maana ya mama kutaka kumzika mwanawe.

Kwetu pwani, Agosti, wachunguzi walianza kufukua makaburi ya kisiri Kwa Binzaro, kaunti ya Kilifi, wakatoa miili zaidi ya thelathini. Tulikuwa hatujamaliza kilio cha Shakahola, ambako tangu 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya mia nne, na mingi kati yake haijajulikana ni ya nani hadi leo.

Kisha Tanzania. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa. Sisi wa ughaibuni wenye ndugu Tanga na Dar tulipiga simu zisizopokelewa. Mtandao uliporudi, zilikuja picha ambazo sitaki kuzieleza. Novemba, mkuu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa alisema kuna taarifa za mamia waliouawa, na taarifa kwamba vikosi vya usalama vilionekana vikiondoa miili barabarani na hospitalini na kuipeleka kusikojulikana. Kuna akina mama waliozunguka hospitali baada ya hospitali wakitafuta mwili tu, waufunike na kuuzika.

Jambo hili la familia kuupata mwili ni zito kuliko heshima peke yake. Juni, mwalimu kijana Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa maneno aliyodaiwa kuandika mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akafia katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili wake walikuta majeraha yasiyolingana na maelezo hayo: kichwani, shingoni na sehemu nyingine. Ukweli ulipatikana kwa sababu mwili ulikuwapo, ukiangaliwa na macho ya familia na ya wataalamu. Maiti ni shahidi. Anayeificha anazika ushahidi, na anayeinyima familia anataka kisa kiishe bila mzungumzaji.

Huku ughaibuni tunalijua hilo kwa njia ya makaratasi. Mtu wetu akifa Uingereza, daktari huandika cheti, na tangu Septemba 2024 daktari mwingine mkaguzi lazima akipitie kabla ya msajili kukikubali. Kifo chenye shaka huenda kwa afisa wa uchunguzi wa vifo. Mara nyingi mazishi huchelewa kwa siku, jambo linalotuuma sisi tuliozoea kuzika kabla ya jua kuzama. Lakini ndani ya uchelewaji huo mna kanuni moja ninayoitamani kwetu: hakuna kifo kinachopita bila kuandikwa na kuulizwa sababu.

Akihitaji kurudishwa nyumbani, mambo huzidi. Afisa yule wa uchunguzi wa vifo ataarifiwe, mwili utiwe dawa, jeneza livalishwe zinki ndani, barua ya kuthibitisha kwamba hana maradhi ya kuambukiza ipatikane, karatasi za ubalozi zikamilike, ndege ilipwe. Ni maelfu ya pauni. Ujumbe huzunguka kwenye simu zetu, na muuguzi, dereva wa basi na mlinzi wa usiku hutoa walicho nacho. Nimeona ukarimu mkubwa katika michango hiyo, na nimeona pia wajane wakiachwa na madeni.

Najua Mombasa inapenda kuwapokea wanawe. Profesa Ali Mazrui alifia jimbo la New York tarehe 12 Oktoba 2014, akaletwa akazikwa katika makaburi ya ukoo wake mkabala wa Ngome ya Yesu, na wengi wenu mlikuwapo. Lakini Mombasa imewapokea wageni pia. Khalid bin Barghash, aliyeng'olewa Unguja kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896, alipelekwa Shelisheli na Saint Helena, na mwisho akaruhusiwa kuishi Mombasa, akafia hapo mwaka 1927. Ng'ambo ya maji upande wa Nyali liko kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Krapf, aliyefariki Julai 1844. Na Oktoba 2025, ndege ndogo iliyotoka Diani ilianguka Kwale ikaua watu 11: Wahangaria wanane, Wajerumani wawili na rubani Mkenya. Wanakijiji walikimbilia pale kabla ya mtu yeyote kuwauliza waliokufa ni wa dini gani au taifa gani. Huo ndio ustaarabu wa pwani, na hauhitaji cheti cha mtu.

Kwa hiyo nimeamua na nimeandika. Nikifia London, nizikwe London, kwenye makaburi ya Waislamu, mapema iwezekanavyo. Mashekhe wetu wengi wanatufundisha kwamba mtu huzikwa alipofia. Fedha ambazo zingenilipia jeneza la zinki na ndege zinunuliwe vifaa vya wodi ya wazazi Makadara. Ninyi mniswalie swala ya ghaibu na mnisomee hitima. Hayo yatanifika bila nauli. Nawasihi wenzangu wa ughaibuni nao waandike wasia, kila mtu kwa atakavyo, ili ndugu zao wasigombane mbele ya jeneza kama tulivyoona Pretoria.

Na ninyi mlioko nyumbani nawaomba mawili. Mwanasiasa akija barazani kwenu kuomba kura mwaka 2027, muulizeni yeye na watoto wake wanatibiwa wapi, msimwachie mpaka ajibu. Na ndugu zenu wa Tanga, Dar na Unguja wasisahauliwe kwa sababu habari zao zimetoka kwenye kurasa za mbele. Watajeni katika dua za Ijumaa, waandikieni wabunge wetu na wale wa Afrika Mashariki, na semeni waziwazi kwamba serikali iwakabidhi wazazi miili ya watoto wao, pamoja na maelezo ya jinsi walivyokufa. Hilo ni deni, na deni la maiti hulipwa na walio hai.

Wassalaam,
Ndugu yenu, London