Nilidhani nampeleka mama Kenya, kumbe...

Msomaji wangu, kuna aibu ukizitunza moyoni zinakuozea. Leo natoa yangu, uicheke ukitaka.

Mwaka jana nilipata kazi ya uhudumu kwenye meli ya watalii. Si boti ya kwenda Unguja, hapana! Meli yenyewe, ile ya wazungu wastaafu wanaozunguka dunia huku wanakula mchana na usiku. Nilikuwa nimeihangaikia miaka miwili: kozi ya usalama majini pale Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kuruka bwawani na jaketi la kujiokolea, kupima afya, sindano ya homa ya manjano. Mwisho wakala akaniambia meli itapita Mombasa, nipandie hapo hapo. Mkataba miezi tisa. Kijiweni kwetu Kijenge washikaji wakaanza kuniita Kepteni.

Kasheshe ikaanza nilipokwenda kumuaga mama.

Mama yangu ni Mmeru wa Tengeru, chini ya mlima. Ana migomba yake na kahawa kidogo, na kila Jumatano na Jumamosi utamkuta gulioni na mikungu ya ndizi. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Ziwa Duluti, na hata lile analiheshimu kwa mbali. Ukimtajia meli, yeye anasikia MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996 na kuondoka na mamia ya watu. Kwa hiyo nilikwenda nimejiandaa kwa kilio.

Hakulia. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniangalia, akasema:

"Nitakusindikiza."

"Mpaka stendi, mama?"

"Mpaka kwenye hiyo meli."

Nikajaribu kila dawa. Nauli ni kubwa. Huna pasi ya kusafiria. Miguu itavimba. Wapi! Ndani ya wiki moja alikuwa na hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji na kadi ya njano mkononi. Mimi ni kitinda mimba, na kitinda mimba hana kauli mbele ya mama.

Sasa aibu yenyewe ndiyo hii: sikutaka kuonekana naye. Mimi nimetinga jinzi mpya na begi la magurudumu, mama ana kikapu, doti ya kanga na chupa ya loshoro. Nikawaza Wakenya watanionaje? Basi usiku kabla ya safari nikampa semina. Usiongee na watu. Usitoe hela hadharani. Tukifika Nairobi nishike mkono, ule mji si Tengeru. Mama akawa anaitikia tu, "Sawa, baba. Sawa."

Tuliondoka Arusha asubuhi kwa basi dogo la Nairobi. Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, Mlima Meru ukiwa upande wa kulia umevaa mawingu. Mama alikaa dirishani. Tulipopita Longido akawa kimya kabisa, anaangalia vilima na vichaka kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Nikajua hofu imempanda. Nikampigapiga begani, "Usiogope, mama, nipo."

Namanga, kama umepita miaka ya karibuni, sasa ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa Desemba 2018. Maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, unagongewa kutoka na kuingia hapo hapo. Yule ofisa wa Kenya akaikagua hati ya mama, akatabasamu.

"Mama, ni mara ya kwanza kuingia Kenya?"

Mama naye akatabasamu.

"Mara ya kwanza kupita mlangoni."

Ofisa alicheka mpaka akaweka muhuri chini. Mimi nikabaki mdomo wazi. Mlangoni? Kwani aliwahi kupita wapi?

Basi lilipoanza kwenda, mama akanisimulia, polepole, macho yako dirishani.

Vijana wenzangu, sisi mpaka tunaujua uko wazi tu. Lakini Februari 1977, wakati ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza inakufa, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Katikati hapo tukapigana vita na Idi Amin, mafuta yakapanda bei duniani, na nchi ikakauka. Sukari hakuna, mafuta ya kupikia hakuna, sabuni hakuna. Watu walifulia majani ya mpapai.

Mwaka 1982 mama alikuwa na miaka 21, na kaka yangu mkubwa alikuwa mchanga wa miezi mitatu, mwili mzima vipele. Nepi zake zinafuliwa kwa majani ya mpapai. Mama akamwachia bibi mtoto, akasema anakwenda Arusha mjini kutafuta sabuni. Uongo. Alijiunga na akina mama wengine wawili, kila mmoja na debe la maharage kichwani. Wakapanda lori mpaka Longido, wakamlipa kijana wa Kimasai awaongoze, wakatembea usiku.

"Simba?" nikauliza.

"Simba tuliwasikia. Lakini tuliogopa zaidi askari."

Maharage wakayauza upande wa pili, mama akafika mpaka Nairobi, akanunua miche kumi ya sabuni na makopo mawili ya Kimbo. Alichelewa kurudi kwa sababu njia ilikuwa na doria. Siku ya tano ndipo alipoingia nyumbani.

"Nikamkuta mama yangu amekaa chini, majirani wamemzunguka. Walishaanza kunilia. Hakunipiga. Alinishika tu uso, akasema, siku nyingine ukienda mbali, niambie nikusindikize hata hatua mbili, nijue ulipoelekea." Akanyamaza kidogo. "Hakuna siku nyingine iliyokuja. Mpaka hii yako."

Msomaji, nilitafuta cha kusema nikakosa. Nikafungua ile chupa ya loshoro niliyokuwa naionea aibu, nikanywa mbele ya abiria wote.

Nairobi sasa! Tuliposhuka nikatoa simu yangu yenye ramani, nikajifanya mwenyeji. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumepita duka moja la viatu mara tatu. Makondakta wanamwita mama "shosho", honi kila upande, jasho linanitoka. Mama akaniambia niiweke simu mfukoni. Akamwendea muuza mahindi ya kuchoma, akamwamkia vizuri, akauliza River Road iko wapi. Ilikuwa hatua chache tu. Alipofika kwenye kona akasimama, akasema majengo yamekua marefu lakini mteremko ni ule ule. Tukapata chumba cha bei nafuu huko huko. Nani alimshika nani mkono? Usiniulize.

Kesho yake tukachukua treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kilomita zaidi ya 470 mpaka Mombasa. Tukapita Tsavo, mama akaona tembo kwa mbali, akasema wako mbali vya kutosha, wakae huko huko.

Asubuhi ya meli nikampeleka ufukweni, kwenye bustani ya Mama Ngina, maana meli zote zinazoingia Kilindini zinapita pale mbele. Mama hakuwahi kuiona bahari. Alisimama muda mrefu, kanga inapepea.

"Mbona haina ng'ambo?" akauliza.

Kisha meli yangu ikatokea. Nyeupe, madirisha hayahesabiki, inapita karibu mpaka unaona watu juu wakipunga mikono. Hapo ndipo hofu ikanishika mimi, mtoto wa mjini, Kepteni wa Kijenge. Miguu ikawa maji. Nikasema, "Mama, labda nisiende."

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi elfu mbili za Kenya zilizokunjwa ndogo kama dawa, akanifumbatisha. Akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Mimi nilikwenda gizani kwa ajili ya sabuni. Wewe unakwenda mchana, na mama yako amekuona. Nenda."

Nilikwenda, na miezi tisa nimeimaliza. Nimeona bandari nyingi, lakini ninayemsimulia zaidi mabaharia wenzangu ni yule mama wa Tengeru. Ndugu yangu, kabla hujamwita mzazi wako mshamba, muulize kwanza alipita wapi kukufikisha ulipo. Unaweza kukuta wewe ndiye mgeni.

Kwenye geti la bandari nilimuuliza kwa wasiwasi atarudije peke yake mpaka Arusha. Alikuwa ameshajitwisha kikapu.

"Njia naijua," akasema.