Njia ya Mtoto wa Shule

Mjini Beni, mashariki mwa Kongo, bei ya nyumba hufuata umbali wake na mashamba. Karibu na bulvari, vyumba viwili vya mbao hugombaniwa. Ukielekea Rwangoma upande wa mashariki, au Boikene kwenye barabara iendayo Oicha, kaskazini, bei inalegea, viwanja vinapanuka, na mwenye nyumba anakuwa mpole ghafla. Mgeni angefikiri amepata bahati. Mwenyeji anakumbuka jioni ya tarehe 13 Agosti 2016, watu walipouawa kwa makumi Rwangoma. Anakumbuka pia Novemba 2019, Boikene iliposhambuliwa usiku, na kulipopambazuka watu wenye uchungu wakaichoma ofisi ya meya. Tangu wavamizi wenye silaha waanze mauaji Oktoba 2014, ziko familia ambazo mchana zinakaa kwao pembezoni, na giza likikaribia zinabeba magodoro kwenda kulala kwa ndugu katikati ya mji.

Kwingineko duniani mtu akipata fedha hutafuta nyumba ya pembeni, mbali na kelele, penye miti na nafasi ya watoto kucheza. Kwetu kelele zimekuwa faraja. Nimewahi kulala katika nyumba iliyobanana na baa na mashine ya kusaga, nikausikia usingizi wa wenyeji wangu ulivyokuwa mzito, na sikuona sababu ya kuwahurumia.

Kwa hiyo dada yangu mdogo aliponipigia simu kutoka Oicha, akisema, “Yaya, ututafutie nyumba Butembo, shule iwe karibu,” nilielewa kwamba ananikabidhi watoto wake. Butembo iko kilomita hamsini na kitu kusini mwa Beni, juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake huwashangaza watu wa Oicha. Mji huu wa wafanyabiashara umepokea waliokimbia kutoka kaskazini kwa miaka mingi, na tangu mji wa Kanyabayonga, kusini zaidi, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, wengine wakawa wanapanda kutoka kusini. Kila wimbi linapofika, vyumba vinapungua na garanti, ile amana anayotanguliza mpangaji, inapanda. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Nimewasikia wenye nyumba wakidai sita, na mama mwenye watoto wanne aliyeshuka kwenye lori jana yake hana nguvu ya kubishana habari za sheria. Hilo linaniuma. Anayekimbia kifo asingepaswa kuanza maisha kwa deni.

Komisionere, yaani dalali wa nyumba, alinionyesha kwanza nyumba nzuri: matofali ya kuchoma, mabati mapya, sementi chini. Nilimwomba tuiache kidogo, twende kwa miguu hadi shule. Alishangaa, lakini tulikwenda. Tulikatiza barabara kuu, ile ambayo malori yaliyopakia mpakani Kasindi hushuka nayo huku pikipiki zikipenya kushoto na kulia. Kisha tukateremka bondeni na kuvuka kijito juu ya mbao mbili. Ulikuwa msimu wa kiangazi, maji yalikuwa chini. Nikamfikiria mtoto wa miaka minane hapo mwezi wa Novemba, saa moja asubuhi, mvua ya usiku imejaza bonde na mbao zinateleza. Masomo huanza saa moja na nusu. Mtoto hasubiri maji yapungue, maana anaogopa kuchelewa kuliko anavyoogopa kijito.

Tangu siku hiyo ninamwambia kila anayeniomba ushauri: tembea njia ya mtoto, kwa saa ya mtoto, ukiwa umebeba anachobeba. Na njia zake ni zaidi ya moja. Akitoka shuleni atatumwa maji. Katika vilima vyetu nyumba ya bei nafuu mara nyingi iko juu na chemchemi iko chini, na bidoni la lita ishirini halijui kwamba mtoto ana kazi ya nyumbani ya hesabu. Miaka ya Ebola, 2018 hadi 2020, tulipohimizwa kunawa mikono kila mlangoni, niliona ni nani aliyenawa vizuri: yule aliyekuwa na bomba karibu.

Shule yenyewe ndiyo ilinichukua muda mrefu zaidi. Ibara ya 43 ya Katiba inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kuitekeleza, hata katika shule nyingi za umma zinazosimamiwa na makanisa. Ninaishukuru hatua hiyo kwa moyo wote. Lakini madarasa yalijaa. Zamani mzazi maskini aliuliza ada. Sasa inafaa aulize watoto wanaokaa dawati moja ni wangapi, na mwalimu wa darasa la kwanza amekaa hapo tangu lini. Majibu niliyapata kwa akina mama wanaouza maharage karibu na geti. Wanamjua mwalimu anayewahi na mwalimu anayekuja na harufu ya pombe.

Wanamjua pia shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa. Wengine huona anawasumbua wageni kwa maswali yake. Mimi nilimpenda yule aliyetaka kujua dada yangu ametoka wapi na watoto wanaitwa nani, kisha akawaita majirani wawili waje wamsalimie. Katika mkoa ambao mtu asiyejulikana huogopwa haraka, na kuogopwa kwenyewe ni hatari, kujulikana mapema ni ulinzi.

Mwishowe walichukua vyumba viwili vya udongo katika komuni ya Vulamba, vyenye sura mbaya kuliko vile vya matofali. Shule iko upande uleule wa barabara, chemchemi iko kabla ya mteremko. Kilichobaki hakuna komisionere anayeweza kukitatua: kakao iko Oicha. Kakao ndiyo inayolipa nyumba, sare na ada ya mkubwa atakapofika sekondari, na haivuniki kwa simu. Shemeji yangu hurudi huko msimu wa mavuno, wakati ambao wavamizi nao huujua. Usalama wa watoto unalipwa na mguu wa baba yao shambani, na sijaona mtaa, uwe mzuri kiasi gani, unaoondoa hesabu hiyo.

Watoto wanaielewa. Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikwenda kuketi kwenye uwanja wa ofisi ya meya, wakalala huko, wakidai amani. Walikuwa na madarasa, walikuwa na walimu. Walichodai ni kwamba wazazi wao wawe hai jioni.

Mpwa wangu mkubwa yuko darasa la sita, anajiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Baba yake anataka kuja kutoka Oicha awe naye siku hiyo. Tumekubaliana aondoke siku mbili kabla, apite mchana, na kama njia imefungwa, mimi ndiye nitakayempeleka mtoto.