Mwenzetu Alipokaa Kando ya Njia



Juma hili tunaomba kuwasimulia jambo lililotokea katika kikundi chetu cha wakimbiaji hapa Moshi. Si habari ya kujivunia, lakini tumeona si haki kuinyamazia.

Sisi ni watu 11 wa rika mbalimbali. Hukutana saa 11 alfajiri, mara tatu kwa juma, kabla ya Misa ya asubuhi. Wengi wetu hujiandaa kwa kilomita 21 za Mbio za Kilimanjaro, zilizoanzishwa hapa mjini mwaka 2003, ambazo njia yake hupanda kuelekea Mweka. Aliyewahi kukipanda kilima kile anajua kwamba hakuna akipandaye kwa nguvu zake peke yake. Husaidiwa na pumzi za walio ubavuni mwake.

Miaka miwili iliyopita, ikiwa imebaki miezi miwili kabla ya mbio, mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na kasi kuliko sisi sote, alianza kulalamikia maumivu ya muundi. Mwanzoni yalimjia mwishoni mwa mazoezi. Baadaye yakamjia hata akisimama ubaoni. Alipigwa picha ya eksirei, isionyeshe kitu. Nasi, kwa ujuzi wetu mdogo, tukahitimisha kuwa mguu ni mzima, kilicholegea ni moyo. Tukamwambia ajikaze. Tukamkumbusha John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, aliyemaliza mbio za marathoni kule Mexico hali goti lake limejeruhiwa. "Wewe Mwalimu, muundi tu?" Alicheka, akafunga viatu, akaja. Jumamosi ile, katikati ya mlima, alisimama ghafla, akashika mti, asiweze kukanyaga tena.

Daktari wa mifupa alitueleza kwa upole kwamba mfupa unaopokea kishindo kilekile mara maelfu, bila kupewa muda wa kujijenga, hupata ufa mdogo. Na mara nyingi eksirei ya majuma ya mwanzo haiuonyeshi. Kumbe maumivu ndiyo yaliyokuwa yakisema kweli. Ufa ambao huenda ungepona kwa mapumziko ya majuma sita hadi manane ulikuwa umekuwa mvunjiko, na Mwalimu alikaa miezi mitano bila kukimbia.

Tukiri basi: hatukumtegemeza ndugu yetu, tulimsukuma. Kisha tukaongeza kosa la pili. Kwa kuona haya, tukaacha kwenda kwake, tukijidanganya kwamba tunampa nafasi ya kupumzika. Tulipobisha hodi hatimaye, alitukaribisha, akatupa viti, akasema, "Baba Paroko, mguu huu hauniumi nikiwa nimekaa. Unaniuma alfajiri, nikisikia vishindo vya viatu vyenu mkipita hapo barabarani."

Hatukuwa na jibu. Sisi tuliohubiri mara nyingi juu ya Mtume Paulo na mfano wake wa mashindano ya mbio, siku ile tulikunywa chai kimya.

Tuliporudi nyumbani tuliitafakari upya habari ya Akhwari. Ni kweli kwamba tarehe 20 Oktoba 1968 aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Lakini uamuzi ule ulikuwa wake mwenyewe. Haukuwa wa marafiki waliokuwa wazima wa miguu. Tena tulisahau sehemu ya pili: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Kati ya siku hizo mbili jeraha lilipewa muda wa kupona. Sehemu hiyo haina picha, kwa hiyo hatuisimulii.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hatukumwuliza Mwalimu anahitaji nini. Tulimpelekea saa ya kupimia mbio, tukamwomba akae njia panda na kutusomea muda wetu. Kila Jumamosi mmoja wetu aliacha mazoezi, akaketi naye pale. Daktari alipomruhusu, alianza kwa dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, nasi tulikwenda naye kwa zamu, tukiwa na agizo moja: asiyeumia asimwongoze mwendo anayeumia. Ziko siku alikata tamaa akarudi nyumbani baada ya dakika kumi. Tulirudi naye.

Mwaka huu amekimbia kilomita 5. Wawili wetu waliacha zile 21 ili wawe pamoja naye, na walimaliza nyuma ya watoto wa shule, wakicheka. Kilima cha Mweka bado hajakirudia. Hatumwulizi ni lini.

Wapendwa, huenda kwenu pia yuko mmoja aliyeacha kuonekana mazoezini. Msimpelekee methali. Piteni kwake juma hili, na mkikaribishwa, kaeni.

Tunawatakia juma jema.