Mtutu Mpya na Kipande cha Karatasi

Mjukuu wangu alinionyesha video kwenye simu, hapa Matete: Mmarekani akibadilisha mtutu wa bunduki ya .22 kabla chai haijapoa. “Kuka, ni skrubu mbili tu,” akaniambia. Kweli ni mbili. Lakini zikishakazwa ndipo kazi inapoanza, na video iliishia hapo hapo. Iliniudhi.

Kazi hiyo niliijua Eldoret, kwa singasinga mmoja mwenye leseni ya kutengeneza silaha. Mashamba ya upande wa Turbo bado yalikuwa na bunduki ndogo za kuwindia kanga na kufukuza tumbili kwenye mahindi. Karakana ilinuka mafuta ya taa, baruti iliyoungua na mafuta ya kitani yaliyopakwa mbao. Harufu ile iliingia nguoni. Nikija nyumbani mwisho wa mwezi, mama alijua nimefika kabla sijapiga hodi.

Mitutu mingi ya wakati huo ilifungwa kwa hesi. Fundi alibana mtutu mpya kwenye mashine ya kukerezea, akaupunguza kidogo, akajaribu, akaurudisha tena. Risasi ya .22 hubeba kiwashio ndani ya ukingo wa ganda, na ukingo huo una unene wa milimita 1 hivi. Mtutu ukikaa mbali na bolti, ganda hurudi nyuma kwa nguvu na laweza kupasuka, au pini hupoteza nguvu na risasi ikakataa. Ukikaribia mno, bolti haifungi. Kidole cha kuvuta maganda nacho kisipolingana na mkato wake, ganda hubaki chembani.

Bunduki ya kwenye video ni aina ya 10/22 ya kampuni ya Ruger. Nimeangalia mwaka: ilitolewa 1964. Kwetu zilifika baadaye. Mtutu wake hushikwa na kishikizi cha umbo la V na hizo skrubu mbili, na kasha la bunduki ni la aluminiamu. Ukikaza kupita kiasi, mtutu huinamia chini, ukagusa mbao. Fundi alichukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya mtutu na mbao kuanzia mdomoni. Kilipokwama, alitia alama ya penseli, akatoa mtutu, akapiga mbao msasa taratibu. Sijaona mkono mtulivu kama ule tena.

Risasi zikitawanyika kwenye shabaha, alianza na skrubu za mbao, kisha darubini, kisha akajaribu risasi za aina nyingine. Mtutu aliushuku mwisho.

Uwindaji ukapigwa marufuku 1977, mashamba yakagawanywa, karakana ikawa duka la simu. Desemba 2018 wenye leseni za bunduki wakaamriwa kuhakikiwa upya. Siku hizi vipuri hutangazwa kuwa vinafaa kila bunduki, na vijana wanaamini! Hawajui hata kwamba Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu sehemu ya silaha kuwa silaha.

Kwa hiyo nilimweleza mjukuu wangu: bunduki ikikataa baada ya kubadilishwa mtutu, mwenyewe asiguse tena skrubu. Aipeleke kwa fundi mwenye leseni pamoja na maganda. Alama ya pini ikiwa hafifu, fundi ataanza na pini na nafasi ya bolti. Ikiwa nzito na risasi bado haikulipuka, ataanza na risasi zenyewe.